Mikao saba na pumzi ndefu: jinsi ya kufanya yoga bila haraka

Yoga nyingi ya siku hizi inakwenda mbio. Mwalimu anataja mkao, wanafunzi wanauingia, na kabla hawajajua mguu uko wapi wameshaambiwa wabadilishe. Jasho linatoka, viungo vinapata mazoezi, na hilo si baya hata kidogo. Ila akili inabaki palepale ilipokuwa: inapanga ya kesho, inarudia maneno ya jana, inahesabu dakika zilizobaki. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka akili nayo ifike mkekani. Una mikao saba tu, ikitanguliwa na hatua moja ya pumzi, unachukua kama nusu saa, na unaweza kuufuata hata kama hujawahi kufanya yoga, au ukiinama mikono inaishia magotini.

Ukimtazama vizuri mtu anayefanya yoga kwa haraka, utagundua kwamba akili haimtoki sana akiwa ameshikilia mkao, maana hapo misuli inamkumbusha yuko wapi. Inamtoka njiani, anapoacha mkao huu kwenda ule. Mguu unatupwa, mikono inaanguka, nywele zinawekwa sawa, jicho linaibia simu. Ndiyo maana humu njia ya kutoka mkao mmoja hadi mwingine imepewa uzito uleule wa mkao wenyewe. Siku ukikosa muda, punguza mikao. Njia usizipunguze.

Mtazamo huu ni wa zamani kuliko mazoezi ya jasho. Katika mafundisho ya yoga ya Patanjali, mwalimu wa kale wa India, yenye takriban semi 195 fupi, mkao wa mwili umeguswa na semi tatu tu, na kinachotakiwa ni uwe thabiti na wa raha. Nyingi kati ya zilizobaki zinahusu akili. Karibu na zama zetu, mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha katika shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mafunzo ya kutuliza msongo wa mawazo ambayo leo huendeshwa kwa wiki nane. Humo yoga ya taratibu inafundishwa bega kwa bega na kutafakari. Mwili unaokwenda polepole ni mahali rahisi pa kuishikia akili, hasa kwa mtu ambaye akiambiwa akae kimya afumbe macho anaona kama anateswa.

Kabla ya kutandika mkeka

Tafuta sehemu ya sakafu inayokutosha ukilala na kunyoosha mikono, na iwe karibu na ukuta. Mkeka usioteleza unafaa, lakini si lazima. Kwenye sakafu isiyoteleza, blanketi lililokunjwa chini ya magoti linatosha. Weka karibu mito miwili, blanketi jingine, na vitabu viwili vinene vya kuegemeza mikono. Usione haya kuvitumia. B.K.S. Iyengar, mmoja wa walimu walioieneza yoga duniani katika karne ya 20, alijulikana kwa kutumia mikanda, matofali ya mbao na viti darasani, na hakuna aliyeuita mtindo wake wa wavivu.

Tumbo lisiwe limejaa. Baada ya mlo mzito subiri saa mbili au tatu. Vaa nguo isiyobana kiunoni. Simu itege mara moja tu, kwa mlio wa taratibu wa kukuashiria mwisho, kisha iweke mahali ambapo mkono haufiki.

Kuhusu muziki, mimi nashauri uuache. Unapendeza, lakini sikio linafuata wimbo na pumzi inabaki peke yake. Video nazo zina shida yake: kila mara unainua shingo kutazama kioo, na umakini wote unabaki kwa mtu wa kwenye video. Soma hatua hizi mara mbili, zishike kichwani, halafu uanze. Mikao saba si mingi.

Sasa la afya, na hapa sitanii. Kama una presha ya juu isiyodhibitiwa au glakoma (ugonjwa wa macho), acha mikao inayoshusha kichwa chini ya moyo; kwenye kuinama mbele, ishia nusu, mikono ikiwa kwenye kiti. Mwenye mifupa iliyopungua uimara asipinde mgongo kwa nguvu kwenda mbele. Mjamzito asilalie tumbo wala asibane tumbo, na mimba ikishakuwa kubwa alale ubavu, hasa wa kushoto, badala ya kulala chali kwa muda mrefu. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye jeraha la goti au tatizo la diski za mgongo, azungumze kwanza na daktari wake. Na kama umewahi kupitia jambo la kutisha, na kufumba macho kunakuletea hofu, fanya kila kitu macho wazi ukitazama sehemu moja ya sakafu. Utulivu haudai macho yafumbwe.

Hatua ya 1: Fika

Lala chali, kunja magoti, nyayo zote mbili zikanyage sakafu kwa upana wa nyonga. Mkono mmoja uweke juu ya tumbo, mwingine kifuani. Kwa dakika moja usibadilishe chochote. Angalia tu mkono upi unapanda kwanza. Watu wengi wenye haraka hukuta ni ule wa kifuani, na mabega nayo yameinuka kidogo kuelekea masikioni.

Kisha acha tumbo lipande kwanza unapovuta pumzi puani. Vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita. Hewa itoke kwa mkupuo mmoja laini, bila kusukumwa. Rudia mara kumi.

Hesabu hiyo ina sababu. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Nne na sita, ukihesabu kwa mwendo wa sekunde, zinakupa pumzi 6 kwa dakika. Moyo nao huongeza mapigo kidogo unapovuta hewa na kuyapunguza unapoitoa, kazi inayopitia kwenye neva ya vagasi, ile ndefu inayoshuka kutoka kwenye ubongo kupitia kifuani hadi tumboni. Ukiirefusha pumzi ya kutoa, moyo unapata muda zaidi wa kupunguza mwendo. Unaweza kuhakikisha mwenyewe: weka vidole viwili juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kabla na baada.

Ukihisi hewa haikutoshi, shuka hadi tatu kwa nne. Ukipata kizunguzungu, acha kuhesabu kabisa upumue kawaida. Pumzi ya kulazimisha haimtulizi mtu.

Na akili ikitoroka? Itatoroka, tena kabla ya pumzi ya tatu. Ukigundua imeondoka, ipe jina moja fupi kimoyomoyo: "mipango", "kero", "kumbukumbu". Usiifuate wazo hilo lilikoelekea, wala usijigombeze. Rudi kwenye pumzi inayofuata. Kule kugundua na kurudi ndilo zoezi, kwa hiyo aliyetoroka mara ishirini na kurudi mara ishirini amefanya kazi kubwa kuliko aliyelala dakika kumi akiota ndoto nzuri.

Hatua ya 2: Paka na ng'ombe

Usiruke kuamka. Geuka ubavu, pumua mara moja, sukuma sakafu kwa mkono hadi ukae, halafu uje kwenye mikono na magoti. Hiyo ndiyo njia ya kwanza. Itumie angalau pumzi tatu.

Viganja viwe chini ya mabega, magoti chini ya nyonga, blanketi chini ya magoti. Unapovuta pumzi, tumbo lishuke, kifua kiende mbele, kichwa kiinuke mwisho. Unapotoa, mgongo upinde juu, kitovu kiingie ndani, kichwa kidondoke mwisho. Mara tano kwa mwendo wa kawaida.

Sasa zifuate mara tano nyingine, na hapa ndipo pana utamu. Mwendo uanzie kwenye mfupa wa chini kabisa wa mgongo, kisha upande pingili moja baada ya nyingine, kichwa kikisubiri zamu yake. Juu ya nyonga una pingili 24 zinazoweza kusogea, na kila moja ina neno lake. Utaziona za kiunoni zinaitika upesi. Ukifika katikati ya mabega, utakuta kipande kizima kinasogea kwa pamoja kama ubao. Usikisukume. Kaa hapo kwa pumzi moja zaidi, peleka umakini mahali hapo hapo penye ugumu, halafu endelea hadi shingoni. Baada ya siku kadhaa za kufanya hivi, ubao ule huanza kugawanyika, na hata usipogawanyika, umeshajua kwa usahihi ulipo.

Viganja vikiuma, kunja ngumi ukanyage kwa vifundo vya vidole, au egemeza mikono, kuanzia kiwiko hadi kiganja, juu ya vitabu.

Hatua ya 3: Mkao wa mtoto

Kutoka kwenye mikono na magoti, rudisha makalio taratibu kuelekea visiginoni. Itumie pumzi nzima ya kutoa kushuka, na kama makalio hayajafika, ingoje pumzi nyingine ya kutoa. Magoti yanaweza kukaribiana au kuachana. Kwa mwenye tumbo kubwa au kiuno kigumu, kuachana ni bora. Paji la uso litue sakafuni au juu ya mto. Kama makalio yananing'inia hewani, jaza nafasi hiyo kwa blanketi lililokunjwa. Mkao usio na chini pa kuegemea hauwezi kupumzisha mtu.

Kaa pumzi kumi. Tumbo likiwa limezuiwa na mapaja, hewa inatafuta nafasi kwingine, nayo inaipata nyuma. Sikiliza mbavu za mgongoni zikitanuka pembeni, moja upande wa kulia, moja wa kushoto. Mara nyingi upande mmoja unafunguka kuliko mwingine. Huna haja ya kuusawazisha.

Goti likiuma, usivumilie. Lala chali ukumbatie magoti kifuani, faida yake inakaribiana.

Hatua ya 4: Mlima

Mkao wenyewe ni kusimama tu, na kwa hiyo wengi huuruka. Njia ya kuufikia ndiyo ndefu kuliko zote humu. Rudi kwenye mikono na magoti. Kunja vidole vya miguu vishike sakafu. Leta mguu mmoja mbele, pumua. Mikono juu ya goti la mbele, pumua. Sukuma, simama, leta mguu wa nyuma karibu, pumua. Anayehitaji kiti cha kushikilia akiweke jirani tangu mwanzo.

Umesimama. Miguu iwe kwa upana wa nyonga, magoti yasifungwe kwa nguvu, mikono ining'inie. Fumba macho kama unaweza. Utahisi mwili unayumba kidogo sana, mbele na nyuma, na misuli ya kifundo cha mguu inafanya kazi bila kuagizwa. Hakuna mtu anayesimama wima kabisa bila kutikisika. Tazama kuyumba huko kwa pumzi nane, ukitafuta uzito uko wapi zaidi: kisiginoni, kwenye kidole gumba, ukingoni mwa unyayo.

Hatua ya 5: Kuinama mbele

Kunja magoti, kunja tena zaidi ya ulivyokusudia, halafu uiname kutoka nyongani, kifua kikikaribia mapaja. Mikono ishike viwiko au itue juu ya vitabu. Kichwa kining'inie. Pumzi tano zinatosha.

Kugusa sakafu hakuna tuzo. Anayelazimisha magoti yanyooke anavuta mgongo wa chini na misuli ya nyuma ya mapaja kwa pupa, na kesho yake ataniambia yoga inaumiza. Kupanda ni polepole kuliko kushuka: magoti yamekunjwa, mikono kwenye mapaja, kichwa kiwe cha mwisho. Ukiinuka ghafla damu huchelewa kufika kichwani, ndiyo ile giza ya macho ya sekunde mbili. Ukishasimama, usiende popote kwa pumzi mbili.

Hatua ya 6: Shujaa wa pili

Hapa ndipo utulivu unapopimwa. Kulala chali kila mtu anaweza kuwa mtulivu.

Tanua miguu kwa hatua moja ndefu. Unyayo wa mbele uelekee mbele, wa nyuma ugeuke pembeni. Kunja goti la mbele hadi lifike juu ya kifundo cha mguu, lisivuke vidole wala lisiangukie ndani. Nyoosha mikono, mmoja mbele na mmoja nyuma, usawa wa mabega. Tazama juu ya vidole vya mbele. Kwa Kisanskriti unaitwa Virabhadrasana, na unaonekana rahisi kwenye picha.

Pumzi ya kwanza na ya pili ni za kujipanga. Ya tatu, paja linaanza kupata joto. Ya nne, mabega yanapanda polepole kuelekea masikioni na taya linakazana, kana kwamba meno ndiyo yanayoshikilia mguu. Ya tano, sauti inaanza: bado ngapi, inatosha, upande huu umekwisha. Hiyo sauti ndiyo uliyokuja kuonana nayo. Ni ileile inayokutoa kwenye mazungumzo marefu na kukufanya ushike simu ukiwa kwenye foleni. Usiitii upesi na usishindane nayo. Legeza taya. Shusha mabega kwa pumzi moja ya kutoa. Angalia kama joto la paja limebaki lilelile au limesogea. Kaa pumzi mbili zaidi, kisha toka kwa kuamua mwenyewe, huku ukihesabu hadi sita.

Lazima utofautishe aina za maumivu. Joto, uzito na kutetemeka katikati ya msuli ni kazi; unaweza kukaa nayo. Mchomo mkali, maumivu ndani ya kiungo hasa goti, ganzi, au hali ya kuwashwa kama umeme ukishuka mguuni, hayo si ya kutazamwa kwa utulivu. Toka hapo hapo.

Nyoosha goti, rudi kwenye mlima, simama pumzi tatu. Linganisha mguu uliofanya kazi na ule ambao bado. Kisha upande wa pili, kwa idadi ileile ya pumzi, hata kama upande huo ni mgumu zaidi.

Hatua ya 7: Miguu ukutani

Shuka sakafuni kwa njia uliyopandia, ukiigeuza. Kaa ubavu ukiwa umeligusisha kalio moja na ukuta, zunguka, pandisha miguu. Makalio yakiwa mbali na ukuta kwa kiganja kimoja au viwili ni sawa. Dakika tatu hadi tano. Nyayo zikipata ganzi, kunja magoti. Hapa hakuna la kufanya zaidi ya kupumua, kwa hiyo sina la kuongeza.

Hatua ya 8: Kulala kama maiti

Huu ndio mkao ambao watu huukatisha kwanza wakiona muda unakwisha. Upe dakika saba kamili, kumi ikiwezekana, na kama lazima ukatishe kitu, katisha shujaa.

Lala chali, miguu ikiachana, mikono mbali kidogo na mwili, viganja juu. Mto chini ya magoti unaondoa mvutano wa kiuno. Jifunike, kwa sababu mwili uliotulia hupoa. Acha pumzi iende itakavyo, hesabu imekwisha.

Pitisha umakini mwilini kuanzia chini. Vidole vya mguu wa kushoto: joto, baridi, mguso wa blanketi, au hakuna kitu. "Hakuna kitu" ni jibu halali. Unyayo, kisigino pale kinapokandamiza sakafu, mundi, goti, paja. Kisha mguu wa kulia. Nyonga, kiuno, tumbo, kifua, mikono kutoka vidoleni kwenda begani, ukosi, taya, ulimi, ngozi kati ya nyusi. Ulimi usiusahau, mara nyingi umekandamizwa kwenye kaakaa bila mwenyewe kujua, na ukiulegeza, koo na taya hufuata.

Ukisinzia, mwili ulikuwa unadai usingizi. Ikitokea kila siku, jambo la kurekebisha ni saa zako za kulala usiku. Ila ukitaka kubaki macho, inua mkono mmoja kutoka kwenye kiwiko, uuache umesimama wima: usingizi ukija mkono utaanguka, nawe utaamka.

Mlio ukisikika, usikurupuke. Chezesha vidole, nyoosha mwili, geukia ubavu wa kulia, kaa hapo pumzi tano. Inuka kwa kusukuma mikono, kichwa mwisho. Kunja blanketi kabla ya kushika simu.

Ratiba, na siku zenye pilika

Mara tatu kwa wiki kwa nusu saa ni mwanzo mzuri. Zoezi fupi la mara kwa mara linakaa mwilini kuliko saa moja na nusu ya mwisho wa wiki inayofuatwa na siku sita za kimya. Ukiwa na dakika kumi tu, fanya hatua ya 1, paka na ng'ombe, na mkao wa maiti, pamoja na njia zake zote. Ukiwa na dakika tatu, simama mlima, pumua nne kwa sita mara kumi na nane. Asubuhi mwili unakuwa mgumu, hivyo goti na mgongo vinahitaji uangalifu zaidi; usiku, mruke shujaa ili usijichangamshe kabla ya kulala.

Nusu saa ikishakuwa nyepesi, usikimbilie kuongeza mikao. Ongeza kwanza pumzi mbili ndani ya shujaa na mbili kwenye njia ya kurudi mlima. Mkao mpya uingie mmoja kwa mwezi, na siku unapouingiza, toa mmoja wa zamani ili nusu saa ibaki nusu saa.